Sanduku la Barua: Filamu Zinazojua Bei ya Mchele

Mwezi huu barua nyingi zimezunguka jambo moja, yaani filamu zilizompendeza zaidi mwandishi wa safu hii katika mwaka unaokwisha. Barua ya kwanza inauliza hivyo waziwazi. Zilizobaki zimetoka kwa wasomaji walioona majina niliyoyadokeza katika toleo lililopita, na baadhi yao wamekuja na hoja za kunibana.

SWALI: Ndugu mwandishi, mwaka mzima umekuwa ukitujibu kuhusu filamu tunazozipenda au kuzichukia sisi. Sasa ni zamu yako. Katika zote ulizozitazama mwaka huu, ni zipi zilizokukuna zaidi, na kwa nini hizo na si nyingine? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu yangu wa Morogoro, niweke sharti moja kwanza. Orodha yangu ni ya filamu nilizozitazama mwaka huu, na si lazima ziwe zimetoka mwaka huu. Filamu si maziwa hata ichache kwa kukaa, na baadhi ya hizi nitakazozitaja zina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaoandikiana hapa. Nilipoyapanga majina niliona kwamba zile zilizonikaa moyoni zina tabia moja: mtazamaji anajua mhusika ana kiasi gani mfukoni, anadaiwa na nani, na kile anachokihitaji kinauzwa kwa bei gani. Hesabu hiyo haikuwekwa pembeni ili kupamba hadithi, bali ndiyo inayoisukuma kutoka tukio moja hadi jingine.

Ya kwanza, bila kusita, ni Mandabi ya Ousmane Sembène wa Senegal, iliyotoka mwaka 1968. Waliosoma au kuiona jukwaani tamthilia ya Hawala ya Fedha, ambayo Amandina Lihamba aliitunga kutokana na hadithi hiyohiyo ya Sembène na ikachapishwa mwaka 1980, wataitambua mara moja. Ibrahima Dieng ni mtu mzima wa Dakar, ana wake wawili na watoto saba, na hana kazi. Siku moja mtu wa posta anamletea barua na hawala kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris, ambako kijana huyo anafagia barabara. Hawala ni ya faranga 25,000. Kati ya hizo, 20,000 ni za kumwekea mpwa mwenyewe akiba, 3,000 ni za mama wa kijana, na 2,000 tu ndizo za Ibrahima. Mtazamaji anatakiwa kuishika hesabu hiyo, maana mtaa mzima hauishiki. Wake zake wanakwenda dukani kukopa mchele na mafuta kwa nguvu ya barua, hata kabla mume hajaambiwa kwamba barua imefika. Majirani wanaingia mmoja mmoja kila mtu na shida yake. Mwenye duka, ambaye jana alikuwa mkali, leo ana maneno laini.

Kisha Sembène anatupeleka madirishani, na hapo ndipo filamu inapokuwa kubwa. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinatolewa polisi, na polisi wanataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinatolewa ofisi ya mji, na karani wa ofisi hiyo anataka tarehe ya kuzaliwa, ambayo Ibrahima haijui zaidi ya kwamba alizaliwa mnamo mwaka 1900. Kila dirisha lina gharama zake, kuanzia nauli ya basi hadi malipo ya mtu anayemsomea barua na ya mpiga picha, kwa hiyo fedha ambayo hajaishika inazidi kumlia fedha aliyoikopa. Kwetu leo posta imepisha simu, lakini yeyote aliyewahi kutumiwa fedha kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, akapelekwa kaunta hii na ile huku mgonjwa anasubiri dawa nyumbani, hatahitaji kuelezwa kinachomtoa jasho mzee yule.

Nitataja jambo moja dogo ambalo nililirudia kulitazama. Filamu inafunguka kwa kinyozi wa nje, chini ya mti, anayemnyoa Ibrahima kwa wembe na kisha kumsafisha vinyweleo vya puani, na kamera inasogea karibu kabisa na pua ile bila haraka wala haya. Mteja amekaa ametulia kama mtu mwenye cheo. Hatujaambiwa lolote kumhusu, lakini tumeshajua kwamba huyu ni mtu anayejali jinsi anavyoonekana barabarani, na baadaye kila tapeli anayekutana naye anaijua siri hiyo vilevile na kuitumia. Sembène alikuwa ameshatengeneza filamu kwa Kifaransa. Hii aliifanya kwa Kiwolofu, lugha ya watu waliomo ndani yake, na masikio yanasikia tofauti hata kama hujui neno moja la lugha hiyo, hasa wake wawili wanaposemezana ua lote likasikia.

SWALI: Nimefuatilia majina uliyoyadokeza, na karibu kila filamu unayoisifu ni ya mtu asiye na kitu. Sisi shida tunazo majumbani mwetu. Tunalipa kiingilio ili tupumue. Je, huoni kwamba filamu za namna hii zinatengenezwa ili watu wa matamasha ya Ulaya watuonee huruma? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu wa Mombasa, hoja yako ina uzito, na nusu yake naikubali. Zipo filamu ambazo kamera inapita juu ya mapaa ya mabati, muziki wa majonzi unapigwa, mtoto anafuta machozi, basi. Hakuna anayeuliza ndoo ya maji ni shilingi ngapi wala kodi ya chumba inalipwa tarehe gani. Hizo nami zinanichosha, kwa sababu umaskini umegeuzwa kuwa mandhari ya kupigia picha. Mtu aliyepungukiwa haishi hivyo. Anapiga hesabu tangu anapoamka, na ndani ya hesabu hiyo mna ujanja, mzaha, majigambo, na wakati mwingine uongo mtupu. Filamu inayozijua bei huishia kuwa na vichekesho ndani yake, itake isitake.

Ushahidi wangu ni Le Franc ya Djibril Diop Mambéty, naye wa Senegal, iliyotoka mwaka 1994. Januari ya mwaka huo faranga ya CFA ilipunguzwa thamani kwa nusu, na watu waliolala na fedha zao waliamka na nusu yake. Marigo ni mpiga muziki ambaye ala yake, sanduku la kupigwa kwa vidole liitwalo kongoma, imezuiwa na mama mwenye nyumba kwa sababu ya kodi. Ananunua tiketi ya bahati nasibu, na kwa kuogopa kuibiwa anaibandika kwa gundi kwenye mlango wa chumba chake, kisha anaifunika kwa picha ya Yaadikoon, shujaa wa mitaani ambaye wenyeji wanamsifu kwa kuwatetea wanyonge. Tiketi inashinda. Gundi nayo haiachi. Basi Marigo anaung'oa mlango mzima na kuubeba kupita nao mjini Dakar, katikati ya magari, majalala na upepo wa baharini, hadi kwenye ofisi ya bahati nasibu. Na huko anaambiwa kwamba tiketi haiwezi kulipwa ikiwa imegandamana na ubao, kwa kuwa upande wake wa nyuma nao lazima uonekane. Sitasimulia anachofanya baada ya hapo. Nitasema tu kwamba hakuna filamu nyingine mwaka huu iliyonichekesha kiasi hicho, na sioni mtu wa Ulaya au wa kwetu anayeweza kumwonea Marigo huruma ya juujuu huku amebeba mlango kichwani.

Na nikugeuzie hoja, ndugu yangu. Nenda katazame filamu nyingi zinazotengenezwa hapa kwetu kwa ajili ya kupumua. Kuna jumba lenye geti, gari jeupe, sebule yenye makochi makubwa na mapazia mazito, na watu wanaogombana kuhusu mapenzi kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane. Hakuna anayekwenda kazini. Hujui fedha inatoka wapi, na kwa hiyo hujui mtu akiachwa atapoteza nini. Mke anafukuzwa, anaburuta begi hadi nje ya geti, na onyesho linalofuata yuko katika jumba jingine linalofanana na lile la kwanza. Hapo mimi ndipo ninaposhindwa kupumua.

SWALI: Mimi ni mzee wa Tanga. Sisi tulilelewa na picha za Kihindi, tukazijua nyimbo zake hata kama lugha hatukuijua. Mbona katika mazungumzo yako yote hakuna picha ya Kihindi hata moja? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ipo, na ni ya enzi zako. Nayo ni Do Bigha Zamin ya Bimal Roy, ya mwaka 1953, yaani kipande cha ardhi cha bigha mbili (bigha ni kipimo cha ardhi cha huko India), ambacho ndicho kila kitu alicho nacho mkulima Shambhu Mahato. Mwenye ardhi kubwa kijijini anataka kujenga kiwanda, na kipande cha Shambhu kiko katikati. Shambhu anajua deni lake ni rupia 65. Anauza vyombo na vitu vya nyumbani hadi anazipata, anakwenda kulipa, anaambiwa deni ni rupia 235. Mahakama inampa miezi mitatu. Anaondoka kwenda Kolkata kutafuta kazi, mwanawe mdogo anamfuata kwa siri ndani ya treni, na mjini baba anakuwa mvuta riksho huku mtoto akipiga viatu rangi.

Balraj Sahni, aliyeigiza Shambhu, alijizoesha kuvuta riksho barabarani kabla ya kurekodi, na unaiona kazi hiyo katika magoti yake. Kuna abiria anayemwahidi nyongeza kila anapoongeza mwendo, kwa sababu anamfukuzia mwanamke aliye katika chombo cha mbele. Rupia zinapanda, pumzi inapungua, gurudumu linaelekea kuchomoka, na abiria yule hana ubaya wowote moyoni, anacheza tu. Sijui kama nimewahi kuona bei ikipangwa kwa ukatili namna ile mahali ambapo kila mtu anacheka. Na nyimbo zimo, mzee wangu, usihofu. Salil Chowdhury ndiye aliyezitungia muziki, tena ndiye aliyeandika hadithi yenyewe. Wale waliokuwa wakipanga foleni katika majumba ya sinema kama Majestic ya Unguja au Avalon ya Dar es Salaam walijua kwamba wimbo katika picha ya Kihindi haukatizi hadithi, na kwa hili sina la kuwafundisha.

SWALI: Wewe ni mtu wa Afrika Mashariki lakini unatupeleka Dakar na Kolkata. Je, Nairobi, Kampala na Mogadishu hakuna filamu zinazojua hesabu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Zipo, dada, na mbili nimezirudia mwaka huu kwa raha.

Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ambayo ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania Oscar, inamhusu Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu na kuwaigizia wateja vipande vyake ili wanunue. Anakwenda Nairobi kuwa mwigizaji. Hajamaliza kushangaa maghorofa, ameshaibiwa kila kitu. Hajamaliza kulia, ameshakamatwa na kuamriwa kusafisha choo cha mahabusu. Wengi huisifu filamu hii kwa bastola zake. Mimi naipenda kwa sababu inaonyesha biashara ya vipuri vya wizi kama biashara: nani anatoa kioo cha gari, nani anakinunua, anamlipa kijana kiasi gani na yeye anakiuza wapi, na kwa nini vijana wanaona afadhali kuhama kutoka kwenye kioo kwenda kwenye gari zima. Hakuna anayeamka siku moja na kuamua kuwa jambazi mkubwa. Kuna hesabu iliyokuwa inakataa kutosha. Wakati huohuo Mwas anahudhuria majaribio ya jukwaani na kupata nafasi ya kuigiza mwizi katika mchezo, na Joseph Wairimu anacheza pande hizo mbili kwa uso uleule wa kijana anayetaka kupendwa. Sheng ya filamu hiyo imeanza kuchakaa kidogo, kama Sheng yoyote, lakini nadhani hilo linaipa thamani ya kumbukumbu.

Ya pili ni The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, yaani mke wa mchimba kaburi, filamu ya Kisomali iliyorekodiwa Djibouti na kupata tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika mjini Ouagadougou, mwaka 2021. Guled na wenzake wanakaa nje ya hospitali na makoleo yao wakisubiri kifo cha mtu yeyote, kwa sababu kifo ndicho kibarua. Gari la wagonjwa likipita wanainuka wote. Mkewe Nasra ana ugonjwa wa figo, na upasuaji unagharimu dola 5,000. Sasa mpe mtu yeyote mambo hayo na atakutengenezea filamu ya kilio cha saa mbili. Ahmed haendi huko. Anawaacha Guled na Nasra wavae vizuri na kuingia katika harusi ambayo hawakualikwa, wale, wacheke, watazamane kama wachumba. Na tunaelewa kwamba kwa watu wale mapenzi hayakuondolewa na ugonjwa wala na bei. Omar Abdi na Yasmin Warsame wanaigiza ndoa yenye utani ndani yake, ambayo katika sinema ni nadra kuliko ndoa yenye ugomvi. Kisha Guled anaanza safari ya miguu kurudi kwa jamaa zake alikoacha mifugo, na katika sehemu hiyo tunaanza kuelewa gharama nyingine, ile aliyoilipa siku alipomchukua Nasra bila ridhaa ya nyumbani.

Kampala nimeiacha kwa swali la watoto, hapa chini.

SWALI: Vuta N'Kuvute imetutoa kimasomaso Wazanzibari, na wewe umeipita kimyakimya. Hukuipenda? Na je, imekitendea haki kitabu? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Nimeipenda, lakini kwa sababu zilizo nje ya orodha hii. Filamu ya Amil Shivji ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021, ikiwa ya kwanza ya Tanzania kufika huko, na mwaka uliofuata ikaiwakilisha nchi katika mashindano ya Oscar, jambo lililokuwa limefanyika mara moja tu, kwa Maangamizi mwaka 2001. Ni filamu ya macho na sauti. Vichochoro vya usiku, rangi za kuta, Siti Amina akiwa Mwajuma na taarabu yake: vitu hivyo vimepangwa na mtu anayejua anachokitazama. Riwaya ya Adam Shafi ina nafasi ambayo filamu haina. Inaweza kukaa kurasa nyingi na Yasmin, binti wa Kihindi, baada ya kumkimbia mume aliyemzidi umri kwa mbali, ikatueleza anakula nini kule Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, anamtegemea nani, na ukarimu wa Mwajuma unatoka katika mfuko wa namna gani. Kwenye filamu Yasmin anavuka kutoka dunia moja hadi nyingine, na gharama ya kuvuka tunaihisi zaidi kuliko tunavyoijua. Shivji amechagua siasa na mapenzi yatangulie, naye ana haki hiyo. Mimi nilitamani dakika chache zaidi jikoni kwa Mwajuma. Kuhusu haki ya kitabu, sioni kama filamu inadaiwa na kitabu kitu chochote zaidi ya kukielewa, na hii imekielewa.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwalimu kijana, nina wadogo zangu nyumbani wa kati ya miaka minane na kumi na mbili. Kipi kinachowafaa katika ulivyovitazama? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016, inafaa bila wasiwasi. Ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, binti muuza mahindi wa Katwe, Kampala, na mwalimu wake wa sataranji Robert Katende. Watoto wanaanza kuja darasani kwa ajili ya uji, na mchezo wanaupenda baadaye. Wadogo zako wataelewa vilevile kwa nini Lupita Nyong'o, akiwa mama wa Phiona, anaogopa mafanikio ya binti yake kama wengine wanavyoogopa hasara. Wasiondoke kabla ya majina ya mwisho, kwa kuwa hapo waigizaji wanasimama pamoja na watu halisi waliowaigiza.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya, mwaka 2018, ni nzuri kuliko hiyo kwa maoni yangu, lakini mtangulie kuitazama peke yako. Jo ni msichana mdogo mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, anayependa filamu za mashujaa, na kijiji kizima kinakubaliana kumfanya aamini kuwa naye ana nguvu za kishujaa, hadi kinafikia kumtengenezea filamu yake. Watoto watacheka sana katika sehemu ya katikati. Mwishoni utahitaji kuwa nao karibu.

SWALI: Kwa ushauri wako nilitazama ile filamu ya Kiitalia ya baiskeli. Nilivumilia picha nyeusi na nyeupe, nikavumilia maandishi ya chini, kisha filamu ikaisha bila kuisha. Je, kazi amepata au amekosa? Baiskeli imepatikana? Najiona nimepunjwa. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Pole, Bwana. Kwa wasioijua, ni Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Antonio Ricci amepata kazi ya kubandika mabango mjini Roma, kwa sharti la kuwa na baiskeli. Baiskeli imewekwa rehani, mkewe anatoa mashuka ya kitandani yawekwe rehani badala yake, na siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Yanayobaki ni baba na mwanawe Bruno wakiitafuta. Mwigizaji wa Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda na si mwigizaji.

Unauliza baiskeli imepatikana au la, na mimi nadhani De Sica amekupa jibu mapema sana, pale kwenye duka la rehani. Karani anayapokea mashuka yale, anayachukua, kisha anapanda juu ya rafu, na rafu zinaendelea kupanda, ghorofa juu ya ghorofa, zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayesema kitu. Ukishayaona mafurushi hayo, huwezi tena kuamini kwamba hii ni hadithi ya mtu mmoja na mwizi mmoja, na kupatikana kwa baiskeli moja kusingeweza kufunga filamu. Rudia pia pale mgahawani, ambapo baba, kwa kiburi cha kukata tamaa, anaagiza chakula asichoweza kukimudu, na mtoto wa meza ya jirani anamtazama Bruno akila kwa mikono. Antonio anatoa karatasi na kumfanya mwanawe apige hesabu ya mshahara ambao wangeupata. Hesabu ile ni sahihi kabisa. Kilichokosekana ni kazi tu. Kama bado unajiona umepunjwa baada ya kurudia sehemu hizo mbili, basi tofauti yetu ni ya ladha, nami sitakusumbua zaidi.

Ila nina neno kuhusu uvumilivu wako wa maandishi ya chini. Bimal Roy aliitazama filamu hii katika tamasha la filamu nchini India, na Do Bigha Zamin ikazaliwa baada ya hapo. Mzee wetu wa Tanga anaweza kukusimulia zaidi kuliko mimi.

SWALI: Tuna kikundi cha vijana, ukumbi wa shule na projekta ya kuazima. Tungependa kuonyesha mbili au tatu kati ya filamu zako kwa majirani. Tuanze na ipi, na lugha tufanyeje? (Wasomaji, Iringa)

JIBU: Anzeni na Le Franc. Ni ya dakika zipatazo 45, kwa hiyo hata asiyependa hatachoka, na mlango kichwani hauhitaji tafsiri. Ifuatisheni na La Petite Vendeuse de Soleil ya Mambéty huyohuyo, yenye urefu kama huo, inayomhusu Sili, msichana mlemavu anayeingia katika biashara ya kuuza magazeti iliyoshikwa na wavulana. Mbili hizo alizikusudia ziwe sehemu ya filamu tatu kuhusu watu wa kawaida, lakini akafariki mwaka 1998 kabla ya kuifanya ya tatu. Zikiwa pamoja zinajaza jioni moja.

Kuhusu lugha, msisumbuke kutafuta nakala yenye Kiswahili. Fanyeni kama ilivyofanyika katika vibanda umiza, yaani mabanda ya mitaani ya kuonyeshea video, ambako marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana na wengi kwa jina la Lufufu, alijizolea mashabiki kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Mteueni mmoja wenu mwenye sauti na kiasi, aitazame filamu nyumbani mara kadhaa, aandike maneno ya lazima tu, na ajue pa kunyamaza. Msimulizi anayesema kila kitu anaua kicheko. Ulizeni mapema Bodi ya Filamu kuhusu kibali, na muwaandikie wenye haki ya filamu, kwa kuwa wengi wao huwa wepesi kukubali maonyesho yasiyo ya biashara wakiombwa kwa adabu.

Mandabi iwekeni wiki ya pili, watu wakishazoea kukaa. Na mkiigawa mialiko ya jioni hiyo, mwenye duka anayewakopesha mchele mtaani kwenu asikosekane. Mpeni kiti cha mbele.